Jengo likifa, pambo lake huenda wapi?

HEBU nikuulize swali la kijiweni, msomaji wangu. Nyumba ikipigwa ile alama nyekundu ya X, greda likaja, matofali yakawa kifusi, kila mtu anajua nani atalipwa. Mwenye nyumba atalipwa. Mwenye kiwanja, kama karatasi zake zimekaa sawa, naye atalipwa. Hata mwenye migomba mitatu nyuma ya choo atahesabiwa migomba yake. Sasa yule aliyechora ukutani je?

Usicheke. Swali hili limenigombanisha na kaka yangu mkubwa siku tatu nzima, tukawa tunapishana mlangoni kama wapangaji.

Kaka yangu ni fundi rangi. Huku kwetu Karagwe ukisema fundi rangi, watu wanadhani ni yule wa kupaka chokaa nyumba ikikaribia harusi. Yeye anachora bwana. Miaka kadhaa iliyopita alichora kibanda cha kinyozi kilichokuwa kando ya barabara. Upande wa mlangoni aliweka vichwa vinne vya mitindo ya nywele, kimoja kikiwa cha Tupac. Upande unaotazama barabara akamchora ng'ombe wetu wa pembe ndefu, pembe zimeanzia ukutani zikaishia kwenye dirisha la mbao. Alilipwa Sh 40,000 na sahani ya chipsi mayai.

Yule ng'ombe alipata umaarufu kuliko kinyozi mwenyewe. Makonda wakaanza kuita kituo kile "Kwa Ng'ombe". Mgeni akipiga simu anaambiwa, "Shukia Kwa Ng'ombe, nitakufuata." Watu walioana baada ya kukutana Kwa Ng'ombe, mimi nawajua.

Halafu barabara ikapanuliwa. X ikapigwa, tena katikati ya shingo ya ng'ombe. Mwenye nyumba akapata fidia yake, kinyozi akahamisha vioo, na asubuhi moja greda likamaliza kazi kabla chai haijapoa. Mchoro haukuwa kwenye orodha ya mali. Kilichosalia ni lile dirisha la mbao, lina sikio moja, jicho na ncha ya pembe. Nililipakia kwenye bodaboda hadi kwa Mama, Rugera. Mama akalitazama, akasema linafaa, akalifanya mlango wa banda la kuku.

Lingekaa hapo milele kama asingekuja jamaa mmoja wa Mwanza, mwenye nyumba ya wageni, akaliona. Alitoa ofa ya Sh 80,000 taslimu. Mara mbili ya pesa ya ukuta mzima! Kaka akasema chukua mshiko. Mimi nikasema haliuzwi. Hapo ndipo tuliponuniana.

Nikaamua kutafuta wenzetu wa nchi nyingine walifanyaje. Nilichokikuta kimenifanya nisilale, na leo nakumegea.

IKULU ISIYO IKULU

Twende London kwanza. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mji ule ulikuwa umepigwa mabomu kisawasawa. Miaka ya 1950 ujenzi wa maofisi ukapamba moto. Jengo moja lilisimamishwa mtaa wa High Holborn, likakamilika 1960, likaitwa State House. Usikimbilie kudhani ni Ikulu, ilikuwa ghorofa ya ofisi tu, yenye mistari iliyonyooka, madirisha juu ya madirisha.

Wenye jengo waliona uso wake mkavu mno. Mwaka 1958 wakampa kazi mama mmoja mchongaji, Barbara Hepworth, mzaliwa wa mji wa Wakefield mwaka 1903, ambaye karakana yake ilikuwa St Ives, mji wa wavuvi huko Cornwall. Akawatengenezea sanamu ya bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, yenye urefu wa kama mita nne na nusu. Aliiita Meridian. Ukiiangalia picha yake utasema ni kikonyo cha boga kilichoachwa kipande juu kijitafutie njia: kinajikunja, kinarudi, kinajipita chenyewe. Jengo lilikuwa la rula, yeye akaweka kitu kisichojua rula ni nini.

Ilizinduliwa 1960. Makarani wakawa wanaipita asubuhi na jioni, wengine nadhani hata hawaitazami, kama sisi tusivyoitazama sanamu ya Askari pale Samora tukiwa tunakimbilia daladala.

Basi bwana, maofisi nayo yana fasheni kama suruali. Lile jengo lililoonekana bomba mwaka 1960 likaonekana kuukuu ndani ya kizazi kimoja. Mwaka 1992 likabomolewa. Miaka 32 tu! Kiwanja kikapata jengo jipya la vioo lililokamilika 2001.

Na Meridian? Ilikuwa imeshaondolewa kabla nyundo hazijafika. Mnunuzi alikuwa kampuni ya Pepsi, hao hao wa soda. Makao yao makuu yapo Purchase, jimbo la New York, na bosi wao wa zamani, Donald Kendall, alikuwa ameanzisha bustani ya sanamu pale tangu kampuni ilipohamia huko 1970. Bustani ina sanamu zaidi ya 40. Kile kikonyo cha boga kilichotengenezwa kupunguza ukavu wa ukuta wa London kikaenda kusimama kwenye majani mabichi ya Marekani.

Hepworth hakuyaona hayo. Alikufa mwaka 1975 kwa moto uliowaka kwenye karakana yake.

Kama jina lake ni geni kwako, jua kwamba kazi yake nyingine inatugusa Waafrika. Ile sanamu kubwa iliyo mbele ya makao makuu ya Umoja wa Mataifa, New York, ni yake. Iliwekwa 1964 kumkumbuka Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu aliyekufa Septemba 1961 ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola, Zambia ya leo, akiwa njiani kutafuta suluhu ya vita vya Katanga. Ile ipo palepale ilipokusudiwa. Meridian ndiyo iliyohamishwa.

Nilimsomea kaka habari hii. Akacheka. "Umeona? Waliuza, ikapona. Wangeng'ang'ania, ingekuwa chuma chakavu." Nikakosa jibu. Ikabidi nitafute karibu na nyumbani.

JUMBA LA HAZINA LA BWERANYANGE

Wengi wetu tumekua tukisikia Bweranyange, makao ya Omukama wa Karagwe, lakini tukiulizwa palikuwa na nini tunabaki kukuna kichwa. Palikuwa na makumbusho! Kabla ya Wajerumani hawajafika, kabla hata neno makumbusho halijapigwa chapa kwenye kitabu cha shule.

Mwaka 1861 Speke na Grant walifika kwa Omukama Rumanyika. Grant alikaa miezi kadhaa akiuguza mguu. Mwaka 1876 akaja Stanley, naye akaonyeshwa nyumba ya hazina ya mfalme. Anaieleza katika kitabu chake: msonge wa kama mita tisa kutoka upande hadi upande, paa la nyasi. Ndani akakuta bata 16 wa shaba ya njano wenye mabawa ya shaba nyekundu, wanyama 10 aliodhani ni pofu, na ng'ombe 10 wa shaba nyekundu wasio na vichwa. Palikuwa na mikuki ya chuma ya kila namna, mingine mipini yake imesukwa kwa chuma kama mnyororo, visu vipana, vipungio vya kufukuzia nzi, kigoda cha mfalme na ngoma. Huyo Stanley hakuwa mtu wa kusifu Waafrika ovyo, lakini kazi ya wahunzi wetu ilimkaa kooni ikabidi aisifu.

Na haikuwa bahati tu. Katika falme za huku, nyundo na fuawe ni alama za ufalme, sawa na taji kwa Waingereza. Chuma chenyewe ni mambo ya kale mkoani Kagera. Mwaka 1978 Peter Schmidt na mwenzake Donald Avery walichapisha utafiti wao kuhusu tanuri za kuyeyushia chuma huku Buhaya, zenye umri wa kama miaka 2,000. Kwa hiyo kijana wa Karagwe anayedhani sanaa ya chuma ililetwa na meli, pole yake.

Nyumba ile ya msonge iko wapi leo? Nyasi na miti havina ubishi na mvua. Rumanyika alikufa miaka michache baada ya Stanley kupita, watu wakagombea kiti, na Wajerumani wakaja kufungua kituo Bukoba mwaka 1890. Baada ya uhuru, mwaka 1963, mamlaka ya watemi nchini yakafutwa kabisa. Jengo likafa, na ofisi iliyokuwa ndani yake ikafa.

Lakini pambo halikufa. Ng'ombe wa chuma wa Karagwe, wenye pembe ndefu zilizopinda kama wale wa malishoni, wamo hadi leo kwenye jumba la makumbusho la Linden, mji wa Stuttgart, Ujerumani. Ng'ombe wa nyama wa nchi hizi walikwisha kwa sotoka miaka ya 1890. Wa chuma hawaugui. Wamekaa kwenye kioo, wanatazamwa na watoto wa shule wa Kijerumani.

Nilipofika hapo nikamrudia kaka. Nikamwambia, na hawa je? Nao walihama, nao wakapona. Ni sawa na Meridian?

Akanyamaza. Akaacha kuchovya brashi. Akasema, "Hapana. Ile ya London, mwenye mali alikubali kuuza, na mnunuzi alilipa. Hawa wa kwetu waliondoka chini ya bendera ya mtu mwingine. Omukama angewezaje kumkatalia mwenye bunduki?"

Hapo nikaona tumeanza kuelewana.

MLANGO UKIBAKI, NYUMBA IKIANGUKA

Kuna mfano wa tatu, huu hata aliye sekondari anaukumbuka. Beit al-Ajaib, Zanzibar, lilijengwa 1883 na Sultani Barghash. Ndilo lililowasha umeme kwanza kisiwani. Baadaye Waingereza wakaligeuza ofisi za serikali, na miaka ya karibuni likawa makumbusho. Desemba 25, 2020, sehemu ya mbele ikaporomoka wakati wa ukarabati na watu wawili wakapoteza maisha.

Watu wengi siku zile waliuliza kwanza habari za roho za watu, na ndivyo inavyotakiwa. Lakini swali lililofuata lilikuwa: milango imepona? Kwa sababu ile milango mikubwa iliyonakshiwa kwa aya za Kurani ndiyo sura ya jumba lile. Ukuta unaweza kuujenga tena kwa mawe mengine, hata yakitoka machimbo mengine. Mkono wa fundi aliyechonga mlango haurudi.

WALIOFUTIWA WAKALIPWA

Sasa njoo kwenye pesa, maana najua ndiyo unayoingoja.

Mjini New York, eneo la Queens, palikuwa na kiwanda cha zamani kilichoitwa 5Pointz. Vijana wa rangi za kupuliza walikigeuza kitabu, kila ukuta umejaa, na waliruhusiwa na mwenye jengo. Mwenye jengo akaamua kujenga maghorofa ya kuishi. Novemba 2013, usiku, akapaka kuta zote rangi nyeupe. Mwaka 2014 akabomoa.

Wachoraji wakaenda mahakamani. Marekani ina sheria ya mwaka 1990 inayomlinda msanii wa kazi ya kuonekana kwa macho, hata kama ukuta si wake: kama kazi inaweza kutolewa, apewe taarifa ya siku 90 aje kuitoa. Februari 2018 jaji akaamua wachoraji 21 walipwe dola milioni 6.75. Mwenye jengo akakata rufaa, akashindwa tena 2020.

Nimesoma mara mbili nikidhani macho yananizuga. Jaji hakusema jengo lisivunjwe. Jengo ni mali ya mtu, avunje. Kosa lilikuwa kufuta kazi za watu gizani bila kuwapa nafasi ya kuokoa chochote.

Na kwetu? Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863, na milango ya mbao iliyochongwa kabla ya 1940. Kilichokuja baadaye kinasubiri waziri akitangaze. Hesabu mwenyewe. Maghorofa ya miaka ya 1950 na 1960 pale Dar, na nakshi zozote zilizo kwenye kuta zake, hayamo mpaka yatangazwe. Ng'ombe wa kinyozi ndiyo kabisa, hana hata wa kumtetea.

Sitaki msomaji aniambie napinga barabara. Barabara ile tuliililia wenyewe. Kahawa ilikuwa inalala njiani masika nzima, mama wajawazito wanabebwa. Barabara ipite. Ninachosema ni hiki: wale waliokuja na daftari wakahesabu migomba mitatu nyuma ya choo, wangeshindwa nini kuongeza mstari mmoja wa mchoro? Wangempa kaka wiki moja tu, angeukata ule ukuta wa mabanzi vipande vinne akaupakia kwenye pikapu.

MAMBO MANNE YA KIJANA MWENYE BRASHI

Haya nimeyaokota kwenye hadithi zote hizo, kayabandike karakana kwako.

Kwanza, andika jina lako na mwaka kwenye kazi, hata kama ni ubao wa genge. Ng'ombe wa Stuttgart tunajua ni wa Karagwe, lakini majina ya wahunzi waliowafua hayakuandikwa pembeni yao. Hiyo inaniuma kuliko safari yenyewe.

Pili, piga picha. Simu yako ina kamera, usiimalizie kwenye kujipiga wewe na miwani. Picha ya mchoro pamoja na jengo zima na barabara. Siku jengo likiondoka, picha itasema kitu kilikaa wapi.

Tatu, mkubaliane mapema na mwenye ukuta, hata kwa karatasi ya daftari yenye saini mbili: nyumba ikiuzwa au ikivunjwa, nijulishe. Gharama yake ni kalamu.

Nne, kinachoweza kung'oka kichore kwenye kitu kinachong'oka. Ubao, bati, mlango, dirisha. Kaka sasa anafanya hivyo. Anachora kwenye mbao kisha anazipigilia ukutani kwa misumari minne. Greda likija, anakuja na nyundo.

NA LILE DIRISHA?

Tulikaa kikao, mimi na kaka, Mama akiwa mwenyekiti maana banda ni lake. Kaka akasema kitu ambacho sikukitegemea. "Mdogo wangu, mimi sina shida na kuuza. Nina shida na kuuza kitu halafu kikose kwao. Akilinunua likawa pambo la baa tu, hakuna atakayejua palikuwa na Kwa Ng'ombe."

Tukampigia yule jamaa wa Mwanza. Tukampa masharti mawili: nyuma ya dirisha paandikwe jina la kaka, jina la kituo na mwaka lilipovunjwa, na kaka aruhusiwe kulipiga picha wakati wowote. Jamaa akakubali bila hata kubishana, akaongeza Sh 20,000 juu. Alisema kitu chenye historia kinauzika kwa wageni wake. Kumbe historia nayo ni bidhaa, na sisi tulikuwa tunafungia kuku.

Kaka ataitumia pesa ile kununua rangi. Amepata ukuta mwingine, duka la dawa za mifugo, na mwenye duka ameomba ng'ombe. Makonda wa njia ile bado wanaita "Kwa Ng'ombe" ingawa pale hakuna kibanda, hakuna kinyozi, kuna lami na mtaro tu. Mtoto wa darasa la pili aliniuliza juzi ng'ombe mwenyewe yuko wapi. Nilimwonyesha kwenye simu.

Dirisha lenyewe bado halijaondoka Rugera. Mama amesema biashara yetu ameielewa na ameibariki, ila halitoki bandani mpaka kwanza tumletee mlango mwingine wa kuku.